Nyua, Maua na Maji: Somo la Uwanja wa Nyumba Mlimani

Mwaka huu nimeombwa na chama chetu niandike makala ya somo, si hadithi wala shairi. Nimechagua somo la kupanga uwanja wa nyumba, yaani udongo, miti, njia, mitaro na maua yanayoizunguka nyumba. Najua kuna watakaosema, "Hilo ni somo la Kilimo. Chama cha Kiswahili kinatafuta nini huko?" Nisomeni hadi mwisho kisha mnihukumu.

1. Tuanze na neno

Neno "ua" ni dogo lakini lina mambo. Kuna ua lile la kunukia: ua hili, maua haya. Kuna ua ule wa kuzunguka nyumba, uzio pamoja na kiwanja kilicho ndani yake: ua huu, nyua hizi. Halafu kuna kitenzi, ua, kutoa uhai. Mwanafunzi akichanganya ngeli za maneno haya hupoteza alama mbili tatu katika mtihani. Nilipokuwa mdogo nilidhani hasara inaishia hapo. Sasa najua kwamba huku mlimani maana hizi tatu ni majirani. Mtu akitengeneza ua huku akifikiria maua peke yake, anaweza kuua udongo uliolisha watu miaka mingi. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, nyumbani kwetu.

2. Ua wa zamani

Mtu akiiacha barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa na kupanda hadi Nunguni, husikia baridi ikimshika masikio. Kilungu si kama nyanda za chini za Makindu na Kibwezi. Huku juu mvua ni nyingi kuliko huko, kuna ukungu asubuhi, na kahawa na maparachichi hustawi. Lakini ardhi imelala kama paa la nyumba. Mahali pa kusimamisha meza bila kuwekea mguu mmoja kijiwe ni pachache. Kwa hivyo kila nyumba ya Kilungu, iwe ya udongo au ya mawe, husimama juu ya kiwanja kilichochongwa na mikono ya watu.

Hebu tuutazame ua wa Susu (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba). Ukiuangalia mara ya kwanza hutasema umepangwa. Hakuna mistari ya maua wala mawe yaliyopakwa chokaa. Lakini nilipochukua kalamu nikaandika kila kitu na kazi yake, niliona hivi:

Upande wa juu, nyuma ya nyumba, kuna mtaro mrefu uliomea nyasi. Huo hukamata maji ya mlimani kabla hayajafika ukutani, ukayapeleka pembeni polepole.

Upande wa upepo kuna mistari miwili ya migrevilea. Mti huu ni mgeni kutoka Australia, lakini umekuwa mwenyeji. Huzuia upepo, hutoa kuni na mbao, na majani yake hufunika udongo.

Kwenye mpaka kuna mnyaa na kayaba. Kayaba ina miiba ambayo hata mbuzi mwerevu haichezei. Mnyaa huota hata kwa kijiti kilichochomekwa tu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hivyo watoto tulikatazwa kuuvunja.

Kando ya bafu kuna shimo lenye migomba. Maji ya kuogea huishia hapo. Migomba hiyo haijawahi kuomba maji ya mtungi.

Chini ya nyumba kuna matuta matatu aliyochimba babu pamoja na mwethya, yaani kikundi cha majirani wa kusaidiana. Chini ya tuta la mwisho ndiko alikozikwa babu, na kaburi lake limezungushiwa mawe.

Hata hivyo, nisimsifu mkale kupita kiasi. Ua wa Susu una kasoro moja ambayo sikuitambua mpaka nilipoanza uchunguzi huu. Kila asubuhi uwanja wa mbele hufagiliwa hadi uwe mweupe, maana ua uliofagiwa ndio heshima ya mwenye nyumba. Lakini udongo mtupu uliogandamizwa na nyayo haunywi maji, na ufagio nao huchukua vumbi kidogo kila siku. Mlango wa jiko la Susu una vijiwe viwili vya kukanyagia. Nilimwuliza ni nani aliyeviweka, akaniambia cha kwanza kiliwekwa na babu, na cha pili kiliwekwa na baba yangu. Jiko lilipojengwa hapakuwa na kijiwe hata kimoja, mtu aliingia tu. Kumbe jiko halikupanda juu. Uwanja ndio ulioshuka.

3. Nyumba mpya

Baba mdogo wangu anafanya kazi mjini. Mwaka wa 2022 alianza kujenga nyumba yake katika shamba hilo hilo, juu ya kwa Susu, karibu na barabara. Sisi sote tulifurahi. Nyumba ina paa la mabati ya rangi, madirisha makubwa na baraza. Fundi alileta tingatinga, likachonga mlima kwa siku mbili. Mtaro wenye nyasi ulifukiwa, migrevilea minane ikakatwa ili nyumba ionekane kutoka barabarani, na udongo uliochongwa ukasukumwa upande wa chini ili kiwanja kiwe kipana. Mbele ya nyumba yakatandazwa matofali ya kabro, na pembeni ikapandwa bogonvilia na mawaridi. Kusema kweli ulikuwa ua wa kupendeza.

Susu alisimama akatazama, akasema, "Mwanangu, maji yana njia yake. Ukiyanyang'anya, yatatafuta nyingine."

Baba mdogo akajibu kwa heshima, "Mama, usiwe na wasiwasi. Fundi amesema hakuna shida."

Mvua za El Niño zikaja mwishoni mwa mwaka wa 2023. Usiku mmoja wa Novemba tulisikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Asubuhi tulipotoka, ule udongo uliosukumwa upande wa chini ulikuwa umekatika katikati. Maji ya paa na ya kabro yalikuwa yamekutana mahali pamoja, yakashuka, yakavunja tuta la kwanza, la pili na la tatu. Korongo lilikuwa na kina cha kunifika kiunoni. Maharagwe ya jirani yalikuwa yamefukiwa, na jirani amesimama hapo ameshika jembe bila kusema neno. Korongo lenyewe lilikuwa limekoma hatua nne kutoka kwenye mawe ya kaburi la babu.

Tangu siku hiyo Susu hakuvuka lango la nyumba ile mpya. Hakugombana na mtu. Alikuwa akipelekewa chai ya mwaliko anaipokea, anashukuru, lakini kwenda haendi.

4. Hesabu ya maji

Hapa ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua maji yale yalitoka wapi, kwa sababu mvua iliyonyesha kwa baba mdogo ndiyo iliyonyesha kwa Susu. Jibu liko katika hesabu nyepesi. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja mraba, ni lita moja ya maji.

Nilipima paa la baba mdogo kwa hatua: mita 10 kwa mita 12, yaani mita mraba 120. Kabro ni mita 15 kwa mita 20, yaani mita mraba 300. Jumla ni mita mraba 420. Sasa chukua mvua moja kubwa ya milimita 40. Zidisha: 420 mara 40 ni lita 16,800. Tukiigawa kwa mtungi wa lita 20, tunapata mitungi 840. Punda wetu hubeba mitungi minne. Ni sawa na punda 210 waliobeba maji, wote wakishuka kwa njia moja usiku mmoja!

Ni kweli kuna maji kidogo yanayopotea njiani, lakini paa na kabro hazinywi. Mahali penye nyasi na majani makavu, sehemu kubwa ya maji ingezama ardhini. Basi mtu anapoweka sakafu mlimani, asiseme "nimepamba." Aseme "nimekusanya maji, sasa nitayapeleka wapi?"

5. Somo tulilolisahau

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba sisi Wakamba ndio tuliopaswa kuwa walimu wa somo hili. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni yetu, inakufa kwa mmomonyoko. Walilaumu wingi wa ng'ombe, wakaanza kuwachukua. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza watu wengi hadi Nairobi kupinga jambo hilo. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi ya kulazimishwa haina baraka. Lakini wakulima walipoona faida kwa macho yao, hasa katika miaka ya 1950 kahawa ilipoanza kupandwa na kutakiwa matuta, walichimba wenyewe kwa mwethya.

Tuta lililopendwa huitwa fanya juu. Unachimba mtaro wenye upana na kina cha karibu sentimita 60 kukata mlima, halafu udongo unaurusha upande wa juu. Ukiurusha upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Mvua zikinyesha, udongo unaoteremka hukwama nyuma ya ukingo, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka ngazi. Na hapa Chama cha Kiswahili kipige makofi: maneno haya hayakutafsiriwa. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi huandika "fanya juu" vivyo hivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza. Lugha yetu ilisafiri ikiwa imebeba jembe.

Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kiitwacho More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado ardhi ikawa na hali nzuri kuliko mwanzo, kwa sababu ya matuta, miti na bidii. Hayo yalifanywa na babu zetu. Nasi wajukuu tunaleta tingatinga linalofuta kazi hiyo kwa siku mbili, ili gari lipate mahali pa kugeukia.

6. Jinsi ya kufanya

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Nitagawa sehemu nne.

(a) Kwa anayejenga nyumba mpya

Kwanza, kabla ya kuchonga, nenda kiwanjani mvua ikinyesha. Vaa gambuti, simama, tazama maji yanapita wapi. Saa moja ya mvua itakufundisha kuliko mwezi mzima wa jua.

Pili, chonga kidogo. Nyumba ndefu iliyolala kukata mlima huhitaji kuchonga kidogo kuliko nyumba iliyotazama juu na chini. Udongo uliosukumwa upande wa chini ni mlegevu, usiuwekee ukuta wala gari. Udongo mweusi wa juu uwekwe kando, usizikwe, maana ndio utakaorudishwa kuotesha nyasi na maua.

Tatu, chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa nyumba. Uteremke kidogo tu, na uishie mahali penye nyasi nzito, si kwa jirani. Karibu na nyumba usizamishe maji mengi ardhini, kwa sababu udongo uliolowa sana mlimani huteleza. Yapeleke mbali kwanza.

Nne, weka mifereji ya mabati na tangi kabla ya kununua maua. Yakifurika tangi, pawe na njia yake.

Tano, ukijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, uachie vishimo vya kutolea maji. Ukuta usio na vishimo husukumwa na maji yaliyo nyuma yake mpaka uanguke.

Sita, kabro iwe ya njia ya magurudumu na ya mlangoni tu. Kwingine acha nyasi.

(b) Kwa mwenye ua wa zamani

Usianze kwa kung'oa. Anza kwa kuandika, kama nilivyofanya mimi: kila mti, kila mtaro, kila jiwe, na kazi yake. Kitu usichojua kazi yake, uliza mzee kabla hujakitoa. Halafu tibu kasoro. Uwanja mtupu upunguzwe: paachwe pa kukaa na pa kuanikia nafaka, na kwingine pafunikwe kwa nyasi inayotambaa. Mizizi iliyo wazi irudishiwe udongo. Mikaratusi iliyo karibu na nyumba au kisima ipunguzwe, maana hunywa maji mengi. Mitaro izibuliwe mwezi wa Februari na wa Septemba, kabla ya mvua za masika na za vuli.

(c) Kifaa cha kila mwanafunzi

Ili mtaro au tuta likate mlima sawasawa, tunafuata mstari wa kontua, yaani mstari ambao kila sehemu yake ina kimo kilekile. Huhitaji mashine. Chukua fito mbili za mita mbili, zifunge juu ziwe kama herufi A, kisha funga ufito wa tatu katikati. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha miguu mahali pawili, weka alama kamba inapokata ufito wa katikati. Geuza, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Kila kamba inapotulia hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Piga kigingi, songa mbele. Mimi na ndugu zangu tuliutengeneza kwa nusu saa na haukutugharimu hata shilingi.

(d) Maua nayo

Sisemi tusipande maua. Nasema yapewe kazi. Kanna hupenda unyevu, ipande mahali tangi linapofurika. Mshubiri huvumilia ukame, ufae kingo za mawe. Bogonvilia ni nzuri juu ya uzio. Juu ya ukingo wa tuta panda nepia au katani, mizizi yake ishike udongo. Mlimau na mparachichi hutoa kivuli na chakula pia.

7. Tulivyoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulichelewa, tukajenga ukuta kweli, tena wa mawe. Agosti ya 2024 baba mdogo alikuja likizo. Alikwenda kwanza kwa jirani, akamlipa maharagwe yake na kuomba radhi. Kisha akaita mwethya. Tulifukua mtaro wa juu, tukaweka mifereji na tangi la lita 10,000, tukang'oa kabro upande mmoja na kupanda nyasi, tukajaza korongo mawe ngazi kwa ngazi. Matuta matatu tuliyachimba upya kwa kufuata vigingi vya ule ufito wetu. Nilipoona wazee wawili wakikubali mstari uliopimwa na mwanafunzi, nilijiona nimepita mtihani.

Korongo halijapona kabisa. Ukija utaliona, limejaa katani na nepia, kama kovu gotini. Udongo ulioenda haurudi, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mvua zilizofuata maji yalipita njia yake, na mawe ya kaburi la babu hayajasogea.

Siku ya kwanza ya mvua hizo Susu alijifunika shuka, akachukua bakora yake, akapanda mlima. Alisimama kando ya mtaro wa juu akatazama maji yanavyokwenda, kwa muda mrefu, mvua ikimnyeshea. Kisha akavuka lango, akaingia jikoni kwa mke wa baba mdogo, akasema, "Haya, sasa nipeni hiyo chai."

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tutajenga siku moja. Tukifika hapo tukumbuke ua wa pili kabla ya ua la kwanza, ili tusije tukaangukia kile kitenzi.

Maswali ya kujipima

1. Tunga sentensi tatu, kila moja ikitumia maana tofauti ya neno "ua". Zingatia upatanisho wa kisarufi.
2. Paa lina upana wa mita 6 na urefu wa mita 9. Mvua ya milimita 25 ikinyesha, paa hilo litapokea lita ngapi?
3. Eleza tofauti kati ya fanya juu na fanya chini. Ni ipi iliyotumika kwenu?
4. Kwa nini ukuta wa kuzuia udongo huachiwa vishimo?
5. Chora ua wa nyumbani kwenu. Onyesha kwa mishale maji ya mvua yanakotoka na yanakoishia. Je, yanaishia kwa nani?